Jina Alilobeba Bi Vernell Stapleton

Pii. Pii. Piiiiii.

Mbili fupi, moja ndefu. Wasikilizaji wapendwa, kama ulikulia huku kwetu Tallow Creek, mwili wako umeshasimama kabla hujajua kwa nini. Ukungu umelala juu ya pamba. Barabara huioni, taa huzioni, kiatu cha pili hukioni. Lakini honi umeisikia. Basi la shule limefika, na dereva wake hangoji mtu.

Dereva huyo ni Bi Vernell Stapleton. Alifariki Jumapili iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Jana tulimzika nyuma ya kanisa la Mlima Nebo. Leo, katika saa hii ya kumbukumbu, nawasimulia habari zake. Mimi ni Tyree Gaines, na mwishoni mtajua kwa nini nazisimulia mimi.

Aliendesha basi miaka thelathini na minne. Binti yake, Dorthea, aliniambia jana, sahani ya mkate wa mahindi mkononi: "Mama alikuwa anajua mtoto gani hana koti kabla mwalimu hajajua. Halafu anakuja nyumbani kuchukua la kwangu!"

Alipostaafu, aligombea ubunge wa jimbo. Mara moja tu. Mpinzani wake, Bwana Dabney Cruthirds, alikuwa na mabango makubwa kila njia panda. Bi Vernell alikuwa na gari lake kuukuu la kijani. Alifanya kampeni kwa kufuata njia ya basi, kituo kwa kituo. Akifika anapiga honi. Mbili fupi, moja ndefu. Watu wazima wenye mvi walitoka mbio mlangoni, kisha wakacheka wenyewe.

Siku ya mdahalo tulijaa ukumbi wa kanisa. Nje kambare wanakaangwa, ndani maswali yanapigwa. Shemasi mmoja akauliza kwa ukali: mwenye nyumba akikataa kuwapangisha wanawake wawili wanaoishi kama mume na mke, mgombea anasemaje?

Bi Vernell akajibu, "Shemasi, nimebeba watoto wa kila nyumba ya wilaya hii, wako wakiwemo. Sikuwahi kuuliza nani analala kitanda kipi. Niliuliza kama mtoto amekula. Mtu analipa kodi yake, anatunza nyumba, mwache akae."

"Na Biblia?"

"Ninayo, na ninaisoma. Wewe nenda kaisome kwa yule jirani yako usiyesalimiana naye."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Shemasi naye akacheka, kwa shida.

Sikukubaliana na Bi Vernell kwa kila kitu. Hakutaka bia iuzwe Jumapili, na hapo hata malaika asingemgeuza. Lakini wodi ya kujifungulia iliyofungwa, alitaka ifunguliwe. Na mshahara wa mwanamke jikoni mwa shule, alitaka ulingane na wa mwanamume anayefagia uwanja wa shule hiyo hiyo.

Kisha mtu mmoja akasimama nyuma kabisa. Alikuwa baba yangu, Lemuel Gaines. Baba haongei hadharani.

"Bi Vernell," alisema, "mimi sina kura. Sijui kwa nini nimekuja."

Wengi mnaifahamu habari yake. Zamani alikata misonobari minne upande wa pili wa utepe wa mpaka, shamba la watu. Akahukumiwa. Akafungwa miaka miwili, akatoka. Kura yake haikutoka naye. Nalirudia hili, maana vijana hawalijui: huku kwetu Mississippi, mtu wa namna hiyo hurudishiwa kura ikiwa bunge litapitisha muswada wenye jina lake yeye peke yake, kwa theluthi mbili, mabaraza yote mawili. Jina moja, muswada mmoja.

Bi Vernell alimgeukia. "Umekuja kwa sababu ni kwenu," alisema. "Mtoto akisimamishwa shule wiki moja, Jumatatu basi linampitia. Adhabu ikiisha, imeisha. Lemuel, jina lako nitalipeleka bungeni Jackson."

Akashindwa. Akashindwa kwa kura sitini na moja.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naingia mimi. Siku ile ya uchaguzi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, jina safi na miguu miwili mizima. Sikwenda. Nilibaki nyumbani nikitunga shairi, na jioni nikalisoma hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki, kwa kiburi:

Karatasi na kalamu, na sanduku la mabati,
mwenye nacho hula tamu, wewe hula masharti.

Baba alilisikia. Alizima redio, akatoka nje kupasua kuni. Hakuniambia neno mwezi mzima.

Bi Vernell hakunyamaza. Wiki ile ile aliingia studio, mkoba kwapani. "Nimepitia daftari la kituo chenu cha kura," alisema. "Jina lako halina sahihi. Shairi nimelisikia. Vina umepanga vizuri. Akili umeiacha kitandani."

"Kura yangu moja isingekuokoa, mama."

"Isingeniokoa. Lakini baba yako alisimama mlangoni kwenu kutwa nzima akiangalia kama utatoka."

Niliikunja karatasi ya shairi nikaitia mfukoni.

Alipotoka hapa alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Cruthirds, mshindi. Bwana huyo mwenyewe alinisimulia jana makaburini, kofia mkononi.

"Nilimwambia: Bi Vernell, miezi mitatu umesema sifai. Akaniambia: bado nasema. Lakini kiti ni chako, na kazi ni ile ile. Nilikubeba miaka tisa, Dabney, ukitapika kiti cha pili kila Ijumaa. Leo beba jina moja tu."

Akalibeba. Mwaka wa kwanza muswada ulifia kwenye kamati. Mwaka wa pili ukafia kwenye kamati. Mwaka wa tatu ukafika baraza la pili, ukakwama. Kila Machi Bi Vernell alikwenda Jackson kwa gari lake la kijani, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akimsalimia kila mbunge kwa jina. Mwaka huu, Aprili, jina la Lemuel Gaines lilipita.

Baba amejiandikisha. Kadi yake ameiweka ndani ya Biblia. Baada ya miaka kumi na saba, keshokutwa Jumanne atapiga kura. Bi Vernell alikuwa ameahidi kumpitia kwa gari. "Ujiandae mapema," alimwambia. "Sitangoji."

Kwako Dorthea, na kwa familia yote ya Stapleton, poleni sana. Tallow Creek nzima imefiwa pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, jiulize kitu kimoja leo: ni nani anasimama mlangoni akikutazama kama utatoka?

Jana, tulipokuwa tunaondoka makaburini, Dorthea alinishika mkono akaniwekea kitu kiganjani. Ni ufunguo wa gari la kijani. Uko hapa mezani, mbele yangu.

Baba, najua unasikiliza, na najua safari hii hujazima redio. Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, vaa koti lako la kanisani. Nitapiga honi mbele ya nyumba. Mbili fupi, moja ndefu. Tutaingia pamoja, wewe utatangulia, na mimi nitatia sahihi yangu chini ya yako. Nakuahidi, baba. Na sitangoji.