Dereva wa Lori la Ng'ombe

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la treni, kumbe masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Mama muuza vitambaa alikuwa akimwambia bwana mmoja mwenye mabega mapana kama mlango, "Kuacha nyama kwa ajili ya mazingira ni mambo ya wasomi, baba. Sisi tukiipata tunashukuru Mungu."

"Mimi si msomi, mama. Naendesha lori la ng'ombe, mwaka wa ishirini huu. Nilipoanza, msitu ulikuwa unagusa barabara. Wameukata kupanua malisho mpaka leo siuoni hata kwa mbali. Nikaacha kula ng'ombe."

"Na mkeo?"

"Anakula, na nyama namnunulia mwenyewe. Mdomo niliouweza ni wangu tu."

"Lakini lori bado unaliendesha!"

"Hapo umenishika pabaya, mama. Watoto wanasoma."

Fundi akazidi kumheshimu, maana wanaume wanaokubali kushikwa pabaya ni wa kutafuta kwa tochi.

Treni ikasimama. Bwana akajitwika begani furushi la mama, wakashuka pamoja, mama akimfuata nyuma anauliza, "Sasa na mwili wote huo, baba, unakula nini?"