Valerian Mrope, Aliyetunga Mchezo wa Maiti Asiye na Uwanja

Ndugu, majirani, mafundi wa Keko na wote mliofunga kazi zenu mchana huu: mimi ni Apolonia, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Nimepewa mimi kusoma kwa sababu wengine wakianza wanalia. Mimi nitalia nikimaliza.

Valerian Mrope alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 kijijini Chikundi, wilaya ya Masasi, mtoto wa tatu wa mzee Polikarpo Mrope na mama Tekla. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza mwaka 1975. Hesabu zilimpita kando. Lakini katika igizo la Pasaka alipewa kuwa Yuda, akalia kwa majuto mpaka bibi yetu akapanda jukwaani kumfuta machozi, na igizo likavurugika. Baba alisema huyu ameshapotelea kwenye maigizo, na kweli hakurudi tena.

Mwaka 1982 alikuja Dar es Salaam, akajifunza useremala Keko, na kazi yake haikuondoka tena kwenye ile barabara ya maseremala. Vitanda vyake wengi wenu mnavilalia. Tarehe 7 Novemba 1987 alifunga ndoa na Vaileth, kanisani Temeke, wakapanga vyumba viwili hukohuko Keko, kwenye nyumba yenye korido katikati na uwanja mbele. Uwanjani hapo walilea watoto wao wawili, na jioni kikundi chake cha maigizo kilifanya mazoezi. Wapangaji wenzake walilalamika kelele, baadaye wakaomba nafasi za kuigiza.

Mwaka 2016 nyumba za mtaa ule zilianza kununuliwa moja moja. Kila ilipobomolewa moja, lilisimama ghorofa lenye ukuta na geti. Valerian hakugombana na mtu. Alitunga mchezo, *Msiba Uko Wapi?*, wa kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Mzee mmoja anafia hospitali, na akiwa bado mochwari nyumba aliyopanga inauzwa. Maiti anaamka, anajifunga sanda yake vizuri, anapita geti kwa geti kutafuta mahali pa kufunga turubai la msiba wake. Maiti alikuwa Valerian mwenyewe, pamba puani na unga wa muhogo usoni.

"Una miadi na nani?" anauliza mlinzi.

"Sina. Mie nimekufa, natafuta uwanja tu."

"Marehemu wanapita geti la nyuma, mzee. Na waje na kitambulisho."

Watu walivunjika mbavu. Kisha taa zinafifia, mageti yanaanza kusogea yenyewe na kumbana, na maiti anashuka kwa watazamaji, anawauliza mmoja mmoja kama wana uwanja. Hapo kicheko kilikuwa kinakatika, watoto wanajificha kwenye khanga za mama zao. Kinondoni, kwenye ukumbi wa viti vya sponji, walimpigia makofi sana, wakaenda kuchukua magari yao. Mtoni mama mmoja alimjibu palepale alipokaa: "Uwanja ninao, baba. Kaoge kwanza." Valerian alisahau maneno yote, ikabidi pazia lifungwe.

Mwaka 2022 iliuzwa nyumba waliyokuwa wakikaa wao. Walihamia Chamazi, ndani ya geti, kwa mwenye nyumba aliyesema mapema kwamba hataki mikusanyiko. Mchezo ule hakuucheza tena. Alisema hauchekeshi.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini, na mwezi Januari akahamia kwangu Mtoni ili awe karibu na hospitali. Kaka yangu hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba watu aliokaa nao miaka yote hii watakosa mahali pa kukaa kumlilia, na jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko maumivu. Iliniuma sana kumwona hivyo.

"Apo, mie nikifa msiba mtauweka wapi?"

"Hapa kwangu."

"Hapa? Hapa mpaka mkeka ukunjwe ndio mlango ufunguke."

"Tutabanana, kaka. Sie si tumezoea?"

Alicheka mpaka akakohoa, akaomba uji. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Turubai halikutosha mlangoni kwangu, kama alivyojua. Jirani wa kulia aling'oa mabati ya uzio wake bila kuombwa. Wa kushoto, mwenye baa, alizima muziki na kutoa viti vyote. Mafundi wa Keko walileta makochi ambayo hayajauzwa, na wazee wakakalia hayo.

Ameacha mke, Vaileth, watoto, Erasmus na Anna, wajukuu watatu, mimi, na wenzake wa kikundi, ambao leo hawaigizi.

Tukitoka hapa makaburini, asiende mtu kwake. Msiba uko kwangu, Mtoni. Lala salama, Valerian, kwa amani ya Mungu. Watu wamepata pa kukaa.