Mwalimu Nthenya Muthama na Akina Mama wa Emali

Wageni wetu, wachungaji, majirani na nyinyi mliotoka mbali: yanayofuata ni maisha ya dada yetu kama tulivyoyaona sisi wa nyumbani.

Mwalimu Nthenya Muthama alizaliwa Nuu tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa Mzee Muthama na mama yetu Kalondu, ambao walishatangulia. Mimi ni Kalunde, ninayemfuata. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu kaka zetu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na leo nitautumia.

Alianza shule hapo Nuu mwaka 1956 na kumaliza kidato cha nne Kitui mwaka 1967. Alikuwa mtu wa maswali mpaka unachoka. Ukimtuma sokoni chumvi, anarudi na chumvi pamoja na habari: kwa nini yule mama ameketi karibu na lango, na kwa nini mwenzake ambaye ana maembe mazuri zaidi hauzi. Mwaitu, yaani mama yetu, alikuwa akimwambia, "We Nthenya, nilikutuma chumvi, sikukutuma upelelezi!"

Baada ya miaka mitano akiwa karani wa chama cha ushirika Kalamba, Januari 1974 aliingia chuo kimoja cha biashara Nairobi kusomea diploma. Jina la chuo silitaji, maana hii ni karatasi ya heshima. Huko walifundishwa habari za maduka ya ng'ambo yanayouza friji. Marehemu akauliza mbona hakuna somo hata moja kuhusu mama anayeuza kiondo. Akajibiwa kwamba biashara hiyo haijafanyiwa utafiti. Akasema, "Basi nitaufanya mimi."

Chuo kilikuwa na tepu rekoda moja, imefungiwa kabatini na kufunikwa kitambaa kama mtoto mchanga. Akaiomba kwa barua, akaweka sahihi, akashuka nayo Emali. Kuanzia Februari hadi Juni 1975 alirekodi akina mama thelathini na mmoja waliouza vyondo na matunda pale kwenye barabara ya Mombasa na stesheni ya reli. Zilijaa kaseti kumi na mbili. Betri zilikuwa zinamwishia kila mara, na karani wa stesheni, kijana mpole aitwaye Mutiso Mulei, alikuwa akimwanikia juu ya mabati zipate nguvu tena. Zikitoka juani zinafanya kazi kidogo, halafu sauti zinaanza kuzama, nao wawili wanacheka. Mutiso aliniambia wiki hii kwamba wakati mwingine alianika hata betri ambazo hazikuwa zimeisha.

Kaseti moja ilichezwa darasani. Mwanzoni wanafunzi walicheka, kwa sababu mama alisikika akifukuza mbuzi. Halafu Mama Ndila akaanza kueleza vile anavyojua, kwa kuangalia tu mtu akishuka garini, kama atanunua au anapoteza wakati wake. Kicheko kikaisha, watu wakachukua kalamu. Marehemu alisema hiyo ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote pale chuoni.

Sasa nisikilizeni. Mkuu wa idara alichukua kaseti zote kumi na mbili, eti akazitunze. Desemba ya mwaka huohuo akamwoza binti yake, na mtu mzima huyo, msomi, akachukua kaseti za dada yangu akarekodi juu yake nyimbo za harusi! Kaseti za bure, unaona. Tulijuaje? Dereva wa chuo, Bwana Musembi, alikuwa kwenye sherehe. Wimbo mmoja uliisha, na kabla ya mwingine kuanza ikasikika sauti ya mama kutoka Emali: "Wewe, acha kukibinyabinya kiondo kama hununui!" Wageni wakacheka. Mkuu wa idara naye akacheka. Woi!

Machi 1976 marehemu aliitwa mbele ya kamati, kujibu shtaka kwamba utafiti wake ameubuni. Waliomuuliza kaseti ziko wapi walikuwa wameketi pamoja na yule aliyezifuta, naye akatazama dirishani. Marehemu akawaambia, twendeni Emali, akina mama wako pale, ni safari ya asubuhi moja. Wakasema hakuna haja. Musembi akajitolea kuwaendesha siku yake ya mapumziko. Akaondolewa kwenye gari, akapewa kazi ya kukata nyasi. Barua ya kumfukuza dada yangu ninayo mkononi, na inasema: "Hakuna ushahidi kwamba wanawake waliotajwa wapo." Hivyo ndivyo alivyoitwa mwongo, kwa karatasi yenye muhuri. Ni uchafu, na sina neno lingine.

Alifunga ndoa na Mutiso kanisani Emali tarehe 16 Aprili 1977, na Mungu akawajalia watoto watatu. Kuanzia 1978 alifundisha somo la biashara katika shule ya harambee Kalamba. Kwa mishahara yake ya kwanza alinunua tepu rekoda yake mwenyewe, na kila darasa la kidato cha tatu lilipelekwa sokoni kuuliza na kurekodi. Waliofundishwa naye mnakumbuka: kaseti ikijaa tu, anavunja vile vipande viwili vidogo vya nyuma, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Na kila Januari, tangu 1977, alikiandikia chuo barua. Diploma hakuiomba. Aliomba sentensi ile moja tu ifutwe. Aliandika barua kumi na tisa, na hakujibiwa hata moja.

Mwaka 1991 alipatikana na ugonjwa wa kisukari. Macho yalianza kufifia 1993, akaacha kazi, na mwaka jana alikatwa mguu. Bwana Mutiso alimwandikia ile barua ya Januari mwaka huu, yeye akimtajia maneno. Alituacha Jumanne tarehe 8 Agosti 1995, saa kumi alasiri, hospitalini, mimi nikiwa nimemshika mkono. Aliniuliza kama chuo kimejibu. Nilimwambia bado.

Chuo kimejibu sasa, baada ya yeye kufa. Juzi kimeleta shada la maua na wasifu uliochapishwa kwa kompyuta, tuusome hapa. Unasema kwamba "mwanafunzi wetu mpendwa aliamua kuacha masomo ili aolewe." Unaendelea kusema kwamba chuo kimefungua chumba cha kompyuta cha kutafiti wafanyabiashara wadogo, na chumba hicho kimepewa jina la yule mkuu wa idara. Mashine mpya, na uongo ni uleule wa zamani! Aliyeuleta yuko hapa, chini ya tenti yetu, na soda yetu mkononi. Karibu, mgeni. Karatasi yako sitawasomea watu hawa.

Mwalimu Nthenya ameacha mume, Bwana Mutiso Mulei, watoto, Mulei, Mbinya na Kalondu, wajukuu wawili, sisi ndugu zake wanne, na wanafunzi wengi wa Kalamba.

Na amewaacha nyinyi, akina mama wa Emali, ambao kwa karatasi ya chuo hamkuwahi kuishi. Nimewaona mkishuka kwenye lori asubuhi. Nimehesabu kumi na saba, na wengine wametangulia. Mama Ndila, simama. Mama Nzilani, simama. Bi Mwanahamisi, na wewe, hata kama magoti yanauma. Simameni wote. Kila mmoja aseme jina lake na alichokuwa akiuza mwaka 1975, polepole, maana mgeni wetu atayaandika nyuma ya ile karatasi yake na kuyapeleka kwao. Wachimbaji, wekeni sepetu chini kwanza. Hatutamshusha mpaka jina la mwisho liandikwe.

Halafu, dada, utapumzika.