Mama Veridiana Bukuru, Aliyekataa Figo Zake Zipimwe kwa Rangi

Mama yetu mpendwa, Veridiana Bukuru, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Prosperi Bukuru na marehemu Mama Josepha, walioingia kutoka Burundi miaka miwili kabla wakiwa na sufuria na blanketi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Tangu utotoni watu hawakuchoka kumuuliza asili yake: shuleni, sokoni, hata kwenye treni pale Usoke. Jibu lake lilikuwa moja tu, “Natoka nyumbani, narudi nyumbani,” na aliyetaka jingine alisubiri sana.

Alisoma shule ya msingi hapahapa na kumaliza darasa la saba mwaka 1988. Hesabu alizipenda. Kuimba alijaliwa kidogo mno, na kwaya ya parokia ilimvumilia kwa sababu ya maandazi aliyoleta siku za mazoezi.

Kazi yake ilikuwa tumbaku. Alilima, akakausha kwenye bani, lile banda la moto, lakini sifa yake ilikuwa kuchambua majani kwa rangi: ya njano huku, ya kahawia kule, yenye madoa pembeni. Akigundua jani moja limepotea njia, alifungua mtumba mzima wa tumbaku iliyokwisha fungwa na kuanza upya, mumewe akiguna.

Mume huyo, Mzee Plasidi Ndayizeye, walifunga naye ndoa takatifu tarehe 24 Juni 1995. Kijana Plasidi alikuja kuazima sindano ya kushonea mitumba, akairudisha jioni, na kesho yake akaja kuiazima tena. Mara ya tatu Veridiana alimwambia, “Kaka, sema unachotaka. Sindano imechoka.” Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 2014 walipopokea vyeti vya uraia wa Tanzania alipika pilau akaalika hata wale aliokuwa amenuniana nao.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na baadaye figo zikaanza kulegea. Alipimwa katika maabara moja ya mjini Tabora, ambayo familia haitaitaja, si kwa woga, bali kwa kuwa imeshajirekebisha. Mwishoni mwa 2022 karatasi ilisema figo zinafanya kazi kwa kiwango cha thelathini na tatu. Wagonjwa walipelekwa kwa daktari bingwa wakishuka chini ya thelathini, hivyo mama aliambiwa arudi nyumbani, bado yuko salama. Alirudi. Miguu ikavimba. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Ndipo kliniki ya presha aliyohudhuria ikapata daktari mgeni, Dkt. Yoramu. Alitazama ile karatasi ya zamani, akapiga hesabu upya, kisha akasema, “Mama, nisamehe kwa niaba yao. Kiwango chako halisi kilikuwa ishirini na nane. Kompyuta yao inamwongezea alama kila mgonjwa mweusi.”

“Inaniongezea kwa nini, baba?”

“Ni kanuni ya zamani ya ng’ambo. Waliamini watu weusi wana misuli mingi zaidi, na misuli huongeza taka kwenye damu hata kama figo ni nzima. Wenyewe kule wameshaanza kuiacha.”

Mama alikunja mkono wake, mwembamba kama mpini wa jembe, akautazama. “Misuli gani?” Alicheka mpaka akakohoa, halafu akakasirika, na hasira ile hakuiacha tena.

Wiki iliyofuata alikwenda maabara pamoja na kina mama wa kliniki ya presha. Walikaa kwenye benchi na kukataa kunyoosha mikono itolewe damu. Msimamizi akasema, “Mama zangu, mashine ndivyo ilivyopangwa.”

“Basi aliyeipanga aipangue,” mama akajibu. “Mimi nimechambua kwa rangi maisha yangu yote, mwanangu. Tumbaku. Figo zangu si tumbaku.”

Hawakuondoka siku hiyo mpaka mwenye maabara alipopigiwa simu, na walirudi kila siku ya kliniki. Dkt. Yoramu aliandika barua, akafuatilia, akanuniwa. Machi 2024 nyongeza ile iliondolewa, na wagonjwa wengine waliokuwa wameambiwa wako salama wakaitwa upya na kupelekwa kwa bingwa mapema.

Kwa mama yetu muda ulikuwa umeshapita. Alianza kusafishwa damu akiwa ameshadhoofika, na tarehe 9 Agosti 2025, alfajiri, alifariki dunia akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Tumeambiwa tuseme ni mapenzi ya Mungu. Kifo chake tunamwachia Mungu. Ule mwaka uliopotea hatumsingizii Mungu. Uliibwa na kanuni ya watu, na tunalisema hilo mbele ya jeneza lake.

Mama ameacha mume, Mzee Plasidi, watoto, Esperansi, Silasi na Maua, wajukuu wanne, na kina mama wa benchi, ambao leo wamevaa kitenge kimoja na kukaa mbele pamoja na familia, kama alivyoagiza. Aliagiza pia kwamba kila mwenye presha hapa, akipewa majibu ya figo, aulize: “Mmeniongezea kitu kwa sababu ya rangi yangu?” Na asinyanyuke kabla hajajibiwa.

Mama Veridiana, pumzika kwa amani. Benchi tutalikalia sisi.