Fundi wa Lifti Aliyekimbia na Sukari

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika nyumba ya mwisho kabla ya reli. Mama yake alisema alitembea kabla hajajua kukaa. Jina la cheti walilijua makarani. Sisi tulimwita Kiguu na Njia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1992. Aliajiriwa kutengeneza lifti, na siku zote alipanda ngazi. Akitaniwa hujibu, “Nyie subirini lifti, mimi nawahi.”

Mwaka 1994 aligundulika na kisukari, kile cha kujidunga sindano kila siku. Aliambiwa apunguze mwendo. Akauongeza, ila kwa adabu. Kabla ya kufunga kamba za viatu alipima damu. Sukari ikiwa chini, alikula ndizi akangoja. Ikiwa juu mno, alikunywa maji akangoja. Kungoja ndiko kulikomtesa, akaizunguka meza hadi zulia likachakaa. Njiani alikunywa mafunda madogo kabla kiu haijapiga hodi, na pipi zilijaa mfukoni.

Katika mbio ndefu za mwaka 1998 pipi zilimwishia. Alifika meza ya vinywaji anatetemeka, jasho la baridi linamtoka, akaomba soda. Binti aliyekuwa akigawa alijua ana kisukari, akaificha mgongoni.

“Soda hupati, kaka. Kunywa maji.”

“Dada, sukari imeshuka. Nipe.”

“Unataka unifie hapa?”

“Ndiyo nakufa, na dawa umeishika wewe.”

Akampa. Mikono ilipotulia, binti aliomba radhi. Yeye akaomba uchumba. Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1999. Tangu hapo, kila mbio, mkewe alimngoja mezani na maji mkono huu, soda mkono ule, akiuliza, “Sukari ngapi, mume wangu?”

Mwezi Mei mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Kulala kulimchosha kuliko ugonjwa. Aliwasumbua wauguzi hadi kitanda kikasogezwa dirishani. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024.

Tangu msiba uanze, jikoni na uani pamesemwa kwamba mbio ndizo zilizomuua. Binti yake, ambaye naye anajidunga na anakimbia, ameambiwa atulie, na viatu vyake vimefichwa. Mjane ameomba maneno yake yasomwe mbele ya kila aliyesema: “Daktari ameandika mapafu. Mwanangu asinyang'anywe njia. Apime, ale, anywe kama baba yake alivyomfundisha, kisha aende. Nikiogopa, nitaogopa nikiwa nimesimama barabarani, si nikiwa nimefunga mlango.”

Ameacha mjane, binti mmoja, kaka mkubwa, na dada, ambaye anajua viatu vilipo na ataviweka mlangoni kabla hatujatawanyika.

Mungu ampe pumziko, na amvumilie mpaka alizoee.