Vumbi la Juu ya Kabati

Basi halijatoka stendi, muuguzi aliyeketi mbele yangu ameshamwanikia mama asiyemjua mambo ya mkwewe. "Kila akija anapitisha kidole juu ya kabati, anatafuta vumbi. Jana nikamwandikia humohumo kwenye vumbi: Karibu mama."

"Mama mkwe wako?" Yule mama alijishika kifua. "Hukuona haya?"

"Nimechoka kununa, mama yangu. Alipoondoka nikachungulia. Ameandika chini yake: Asante, usifute mpaka nirudi."

"Mungu wangu! Mkwe hataniwi, mwanangu. Ningekuwa mimi, nisingekanyaga tena kwako."

Basi likaondoka, likasimama kituo cha kwanza. "Nashuka hapa, kwa mke wa mwanangu," akasema yule mama. Akashuka polepole, akikitazama kidole chake.