Meza ya Wadudu ya Mzee Okomo Ojwang, 1948–2025

Zamani wadudu wa ziwani walipopanda kutoka majini kama moshi, akina mama walitoka na sufuria zilizopakwa mafuta kuwanasa wawe kitoweo; leo tunafunga madirisha na kupuliza dawa.

Marehemu kaka yangu, Mzee Okomo Ojwang, alizaliwa Shirati tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa Mzee Ojwang na Mama Ajwang. Sufuria ya kwanza aliyokabidhiwa hakuirudisha jikoni. Alikaa kuwatazama wadudu mmoja mmoja, wenzake wakala ugali mkavu.

Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1961, baba akamtoa achunge ng'ombe. Mengine alijifundisha: Kiingereza kwa kamusi iliyokosa jalada, wadudu kwa kulala kifudifudi kwenye nyasi.

Mwaka 1969 alihamia Igogo, akawa kuli katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Wakulima walivuka ziwa kutoka Kamanga, ng'ambo, wakimletea funza wa pamba ndani ya majani, naye aliwaambia wangoje tu, au waing'oe mipamba. Siku hizi wanamuuliza muuza dawa, ambaye hajawahi kumwambia mtu angoje.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na Rozina. Wakitoka kanisani, bwana harusi aliuacha msafara akamfuata mbawakawa vichakani. Wasimamizi walitaka kumrudisha. Rozina akawaambia, "Mwacheni. Akimkosa huyo, mimi ndiye nitakayelala na kisirani chake."

Kwa zaidi ya miaka hamsini alikusanya wadudu wa ufukwe huu, akawachoma pini ndani ya visanduku, juu ya meza moja. Wengi wao hawaonekani tena. Shule moja ya Kamanga ilikuwa imewatengea kabati, naye alitaka wavuke kabla hajafa.

Kisukari kilimshika mwaka 2019. Mei mwaka huu alilazwa, Rozina akawa anamuuguza hospitalini. Watoto walikuja kutoka Dar es Salaam, wakasafisha nyumba ili wageni wasione aibu. Miguu ya meza ile ilisimama ndani ya mikebe ya mafuta ya taa, kama kila nyumba ilivyozuia sisimizi tulipokuwa wadogo. Wao waliona uchafu, wakaitupa mikebe. Ndani ya wiki moja sisimizi walikuwa wamemaliza visanduku vyote. Zikabaki pini na karatasi za majina. Hawakufanya kwa ubaya. Hawakuuliza tu, na siku hizi nani anauliza?

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025. Ameacha mjane wake Rozina, watoto wake Odongo, Winnie na Hellen, wajukuu saba, na mimi mdogo wake. Alale salama katika udongo wa Shirati, ambao aliujua kuliko sisi tunaomfukia.

Mara ya mwisho nilimwona Jumapili, tarehe 8. Rozina alikuwa amekwisha kumwambia habari ya meza. Nilikwenda na maneno ya kumfariji, hakuyataka.

"Sisimizi walianza na vipepeo, au na panzi?" aliniuliza.

Nikasema sijui.

"Kuna aliyekaa akawatazama?"

Nikamwambia hakuna. Akavuta shuka, akageukia ukutani.